Jitu Lililoisha Chaji

Habona mwanangu,

Kanda ya tisa niliipoteza asubuhi ile mto Tana ulipoingia Garsen, nikiwa na miaka kumi na saba. Ilikuwa ndiyo ya mwisho. Hakuna mtu wa mji huu aliyewahi kuiona, na mimi niliyewasimulia watu zile kanda nane za mwanzo sikuwahi kujua habari iliishaje. Halafu Jumamosi iliyopita, mbele ya televisheni ya dukani, nilipoteza kitu kingine. Wewe ulikuwa umesimama kando ya kioo, unanisomea maandishi.

Sikuandikii habari za sweta wala za kufunga begi kwenye basi la kwenda chuoni Thika. Hayo umeambiwa wiki nzima mpaka sasa unanijibu kabla sijamaliza kuuliza. Barua hii nimeikunja ndani ya leso yako ya njano, kwa hiyo utaipata ukiitoa kujikinga na jua kali la dirishani, na kwa hesabu yangu hapo mtakuwa mmeshapita Minjila. Nimepanga hivyo makusudi. Ungeisoma hapa nyumbani ungeniangalia usoni kwanza, halafu ungenijibu kufuatana na uso ulivyo. Sitaki.

Nianzie kwa ukumbi, maana kipande hiki cha habari hujawahi kupewa chote.

Ukumbi wa video ulikuwa wa mjomba wangu Komora, nyuma ya pale panapouzwa mbao sasa. Kuta za mabati, chini udongo, benchi kumi na mbili, televisheni moja, na jenereta iliyokuwa ikikohoa kuliko mgonjwa wa kifua. Nilikuwa nimemaliza darasa la nane na alama za kwenda sekondari ninazo. Karo yangu haikupatikana. Ya kaka zangu wawili ilipatikana. Hilo nalitaja mara moja tuendelee, ingawa wewe unajua sijalimaliza moyoni. Mjomba akaniweka mlangoni niuze chai na kupokea viingilio.

Mwaka huo mtu mmoja wa Lamu alikuwa anarudi kwao kutoka kazini Uarabuni, barabara ikakatika, akakwama Garsen. Alilala kwa Mjomba siku nne. Wakati wa kuondoka akamwachia boksi la kanda tisa kama shukrani. Ilikuwa katuni. Jitu la chuma, refu kuliko mnara wa maji, na ndani ya kichwa chake ameketi kijana analiendesha kama dereva wa trekta. Imetengenezwa Japani, imetiwa sauti za Kiarabu, na kwetu Kiarabu ni cha swala, hakuna anayekiongea sokoni.

Siku ya kwanza watu walitazama kidogo, wakaanza kudai viingilio vyao. Mjomba akanigeukia.

"Mariamu, we una mdomo. Simama pale mbele uwaambie wanasema nini."

"Sijui wanasema nini, Mjomba."

"Na wao hawajui. Simama."

Nikasimama. Hivyo ndivyo nilivyopata kazi yangu ya kwanza. Yule kijana nikamwita Jilo, kwa sababu kuna Jilo Mpokomo na kuna Jilo Muorma, na nilikuwa nimeshaona nani anakaa benchi gani. Adui mkuu, yule mwenye kofia ya pembe, nikamwita Bwana Leseni. Ukumbi ulilipuka kwa kicheko, maana kila mwenye kibanda Garsen alikuwa na Bwana Leseni wake.

Mama yake Jilo nilimtengeneza kwa neno moja tu. Katika kanda ya kwanza Jilo anatoa picha ndogo mfukoni, anaiangalia, anasema kitu. Kijana mmoja wa Kiorma benchi la nne, aliyekuwa amepita chuo cha Kurani, akaruka juu: "Ummi! Amesema ummi! Mama yangu!" Kijana huyo ni Barisa, huyu huyu Mzee Barisa wa ng'ombe, anayetuletea dukani simu zake mbili tuzichaji kila asubuhi na kulalamika kwamba tunazipunguza uzito. Kwa neno lake hilo nikajenga mwanamke mzima: anakaa ukingoni, anakoroga chungu, anaangalia juu kila akisikia ngurumo. Kila kanda nilimtia mahali. Hata pasipokuwa na picha yake nilisema, "Na huko nyumbani mama anakoroga." Watu walimpenda kuliko jitu.

Sasa sikiliza kosa langu, kwa sababu unalifanya wewe sasa.

Kanda ya tano ina mahali ambapo jitu limesimama katikati ya mto, mkono mmoja umenyooka, halitikisiki. Upande mmoja kuna watu, upande mwingine kuna mahayawani makubwa yenye manyoya. Picha inakaa hapo muda mrefu, hakuna anayesema neno. Siku za kawaida ukumbi ulijaa wakulima wetu Wapokomo, nikawaambia: jitu linazuia wale wanyama wasiingie mashambani. Walipiga makofi mpaka vumbi likatoka kwenye mabati. Siku za mnada ulijaa vijana wa Kiorma waliokuja kuuza ng'ombe, nikawaambia: jitu linashikilia maji ili mifugo ipite, linalinda malka. Wewe umezaliwa hapa, unajua malka, ile njia ya ng'ombe kwenda mtoni, na unajua watu wetu wanaweza kugombana kwa ajili yake hata wakiwa kwenye harusi. Vijana wale walisimama juu ya benchi.

Nilijiona mjanja. Nilikuwa nimewapa wote furaha, na pande zote zikarudi kulipa tena.

Halafu ukaja mnada uliokutwa na mvua asubuhi. Wakulima hawakuenda shamba, wachungaji walimaliza mapema, wote wakaingia kwangu mchana mmoja. Na Mjomba, bila kuniuliza, akatia kanda ya tano. Ilipofika pale mtoni nikanyamaza. Nilifikiri nikinyamaza itapita.

Mkulima mmoja akasema kwa sauti, kama anayemsaidia mgeni, "Hapo linazuia wanyama wasile mahindi."

"Nani kasema?" Barisa huyo. "Hapo linafungua malka."

"Linazuia!"

"Linafungua! Mwenyewe dada alisema. Dada, si ulisema?"

"Aliniambia mimi linazuia, wiki jana, hapa hapa nilipokaa!"

"We mkulima huna macho? Ng'ombe wote wale unaowaona…"

"Ng'ombe wapi? Hao ni majini ya Kijapani!"

Wote wakanigeukia. Macho ya watu zaidi ya themanini, Habona, na mimi nimeshika birika la chai. Benchi la mbele lilivunjika, mtu akapigwa kwa mguu wa benchi, televisheni ikayumba. Unajua aliyeidaka? Barisa. Aliikumbatia kama mtoto, na mkulima aliyekuwa akigombana naye akaishika upande wa pili, wakabaki hapo wawili wakitukanana juu ya kioo.

Jioni Mjomba alinifukuza. Hakupandisha sauti. Alisema, "Umewauzia watu wawili ng'ombe mmoja, mwanangu. Sasa wamekutana." Siku chache baadaye akaniita, maana bila mimi ukumbi ulibaki na kuku. Nikarudi kwa sharti moja: kanda ya tisa tuitangaze kwa wote, waje siku moja, na mimi nitasema ninachokiona tu. Nisichokijua nitasema sikijui.

Tulitangaza iwe Jumamosi. Mto ulikuja Alhamisi.

Maji yalikuwa magotini nilipoingia ukumbini, kiunoni nilipotoka. Mtumbwi wa jirani ulikuwa na nafasi ya mzigo mmoja. Nikapiga hesabu ya haraka: jenereta au boksi. Nikachukua jenereta. Hesabu ilikuwa sahihi na hata leo nitachukua jenereta. Mjomba alipohamia Hola aliniachia hiyo kwa mishahara aliyokuwa hajanilipa, nikaanza kuchaji betri za redio, zikaja simu, ikaja sola, ikaja hii nyumba ya matofali. Hakuna aliyenishika mkono. Lakini nilipogeuka mara ya mwisho niliona boksi limeelea. Lilizunguka ukumbini taratibu, halafu likatoka kwa mlango ule ule niliokuwa nauzia chai.

Tangu hapo ni miaka ishirini na saba watu wananiletea simu, na kabla ya kutoka: "Mama Habona, ile katuni iliishaje?" Ningeweza kusema sijui. Badala yake nikawa namtazama mtu, namkadiria, nampa mwisho wa saizi yake. Anayeoa, namwambia Jilo alioa. Aliyefiwa, Jilo alizikwa na mji mzima ukafunga maduka. Askari wa kizuizi cha barabarani nilimpa mwisho ambao Bwana Leseni anatubu. Unaona? Nilifukuzwa kazi kwa jambo hilo nikaenda kulifungulia tawi.

Na wewe nikakupa mwisho bora kuliko wote. Jilo analiacha jitu mlimani, anashuka kwa miguu, ana gunia la mchele wa Ozi begani, anamkuta mama bado anakoroga chungu. Anasema, "Mama, nimerudi." Ulikuwa hulali bila hiyo. Ukiwa na homa ulitaka nirudie pale pa "nimerudi" mpaka sauti inikauke. Nilidhani nakubembeleza. Sasa naona nilikuwa nakufundisha mtoto mzuri anatakiwa aseme nini mwishoni.

Nikwambie kwa nini niliuchagua huo. Baba yako aliniambia "nitarudi" akiwa tayari na mguu mmoja kwenye lori. Nilimuuliza mara mbili, akasema mara mbili. Hakuwa mtu mbaya; aliona uso wangu akautafutia maneno. Angesema sirudi, ningelia wiki moja nikafungua duka. Kwa kuwa alisema nitarudi, niliweka sahani yake mezani kwa miaka miwili kasoro mwezi. Wewe ulifikiri ni sahani ya wageni.

Haya. Mwaka huu ukaja mbio dukani na simu mkononi, hujavaa hata kiatu kimoja vizuri. "Mama, wamelifufua! Jitu lako! Wamelitengeneza upya, sehemu kumi na tatu, inatoka moja kila wiki!" Nilijifanya nahesabu nyaya.

Jumamosi ya kwanza Barisa alikuja moja kwa moja kutoka swala ya alasiri, akakaa kwenye kreti la soda, akatazama dakika moja nzima.

"Mama Habona, hili jitu limekonda. Hata kwao kuna kiangazi?"

"Wamelitengeneza kwa kompyuta, babu," ukamwambia.

"Kompyuta haina chakula?"

Na mimi nilikuwa na malalamiko yangu, unayakumbuka. Misumari ya kifuani ilikuwa ishirini na nne, wameiondoa yote. Zamani lilitembea kama kitu kizito, sasa linaruka kama mcheza densi. Jilo nywele zimechongoka kama mkonge, na ana jina la Kijapani ambalo Barisa alikataa kulisikia: "Huyo ni Jilo. Wamekosea wao." Wimbo wa mwanzo wamebadilisha. Nilikuwa karibu kuinuka niende zangu. Halafu Jilo akabonyeza kile kitufe, na ule mlio wa kuwaka ukaja, ule ule, kama ng'ombe mkubwa anayevuta pumzi gizani. Huo hawakuugusa. Barisa akavua kofia, akaiweka gotini. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba tena, nimeshika birika.

Wewe ulisoma maandishi ya chini. Kiingereza changu ni cha betri na risiti, na yale maandishi yanapita kama pikipiki, kwa hiyo ulikuwa unayasoma na kututolea kwa Kiswahili. Ulisoma vizuri. Ulisimama pale nilipokuwa nasimama mimi, kushoto kwa televisheni, na wala sikukuelekeza. Nilikaa kwenye kiti kama mlipa kiingilio, nikasimuliwa. Katika maisha yangu yote hakuna aliyewahi kunisimulia mimi.

Sehemu ya tano ikafika pale mtoni. Jitu limesimama, mkono umenyooka. Barisa akaniangalia, nikamwangalia. Miaka ishirini na saba, na katikati yake ile mibaya ambayo wakulima na wafugaji hawakuketi pamoja hata kwa chai, ambayo siiandiki hapa. Hata miaka hiyo Barisa alileta simu zake, alipitia nyuma tu. Sasa hapo ndipo jibu lilikuwa.

Ukasoma. Ukasita. Ukasoma tena.

"Anasema… limezimika."

"Nini?" Barisa akauliza.

"Jitu. Limeisha chaji. Jilo anaomba msaada kwenye redio. Wale wanyama wanapita tu, hawana habari nalo."

"Halizuii?"

"Halizuii."

"Na halifungui?"

"Babu, limezima. Ni kama simu."

Barisa akasogeza uso karibu na kioo. Halafu akasema, "Yaani tulivunja benchi kwa sababu ya jitu lililoisha chaji?" Akacheka mpaka kreti likapinduka, nami nikacheka mpaka nikalia, na wewe ukasimama hapo hujui umsaidie nani kwanza. Akaniambia toka sakafuni, "Mama Habona, ungekuwa na duka hili wakati ule!"

Sijawahi kuwa na furaha kama hiyo, na nataka ukumbuke ilitoka wapi. Ungeweza kutupa uongo wowote siku ile. Ulijua habari ya benchi, ulijua tunataka nini, mimi langu na Barisa lake. Ukatuambia limezimika. Haikuwa ya upande wangu wala wake, na ndiyo iliyotuvunja mbavu sote wawili.

Basi niambie ilikuwaje sehemu ya kumi na mbili.

Mama yake Jilo yumo kweli, kwenye hii mpya. Nilipomwona nilitaka kumsalimia. Amesimama kwenye mawe, hana chungu, ana koti la kijivu. Jilo yuko ngazini, anakaribia kuingia kichwani mwa jitu. Anageuka. Anasema kitu kifupi sana. Maandishi yakatokea chini, maneno matano. Sikuyapata yote. Lakini lipo moja ninalolijua hata likipita mbio, kwa sababu nalisoma kutwa kwenye simu za watu: not. Not charging. Neno hilo likiwa kwenye kioo, kuna kitu hakifanyiki.

Na wewe ukasema: "Mama, nitarudi mvua zikikatika. Niwekee chakula."

Maneno matano, mwanangu, na wewe ukatoa sita, na chakula ndani yake. Mvua? Kwenye ile sayari yao ya mawe sijaona hata wingu tangu sehemu ya kwanza. Nilijua kazi hiyo nilipoiona, kwa sababu mimi ndiye niliyeianzisha mjini hapa. Kile chakula ni changu. Chungu kile nilikitengeneza mimi kwa neno moja la Barisa, na wewe ukakichukua ukanifunika nacho.

Niliinuka nikaenda kuangalia betri ambazo hazikuhitaji kuangaliwa.

Juzi nilimwambia Barisa. Nilidhani atashangaa.

"Nilijua," akasema.

"Umejulia wapi? Wewe hata Kiingereza cha risiti huna."

"Nilimsikia yule mama. Mwanamke aliyeambiwa mtoto atarudi halii vile."

"Na mbona ulikuwa unafuta macho, kama ulijua?"

"Kwa ajili ya mtoto wako. Alikuwa anatafuta neno la kukupa. Nilimwona anavyolitafuta."

Habona, nimekasirika, na naandika hivyo ili usije ukasema ulikisia. Nimekasirika kwa sababu wiki zote hizi nimekuuliza jambo moja, nawe umenijibu "Tutaona, Mama." Nilipokuonyesha mahali pa kujenga nyuma ya duka: tutaona. Nilipokuuliza unataka dirisha liangalie barabara au mto: tutaona. Nilipomleta fundi akapima, ukamshikia kamba, ukanitabasamia. Kisha Jumamosi ukasimama mbele ya televisheni ukageuza sirudi ikawa nitarudi, na sasa sijui ulikuwa unamsemea Jilo au unajisemea mwenyewe.

Lakini pia, na hili nimeliandika nikalifuta nikaliandika tena, hakuna mtu aliyewahi kusimama mbele ya watu akavumbua mvua kwa ajili yangu. Mimi ndiye niliyekuwa navumbua. Nilipolala usiku ule nililala na hasira na nilikuwa nimefunikwa vizuri.

Nilichojifunza maishani ni kidogo, na kimenigharimu benchi, kazi na sahani moja: mtu anayekwambia unachotaka kusikia hajakupa kitu, amekukopa. Siku moja waliokopwa wanakutana ukumbini, na wewe ndiye umeshika birika. Huko Thika utakutana na walimu, na wenzako, na labda mvulana, wote wana nyuso, na una kipaji cha kusoma nyuso kwa sababu umekipata kwangu. Kitumie kuwapikia, si kuwajibia. Ukiulizwa swali, jibu swali.

Na usifikiri nakuomba urudi. Nilijiambia nitaandika barua hii bila kukuomba, na nimefika hapa sijakuomba. Ile hadithi ya gunia la mchele, naifuta. Niliitunga mimi, ukiwa hujaota meno, sikukuuliza. Jilo wa kweli alikuwa na sababu zake za kupanda ile ngazi, na sijui ni zipi, kwa sababu msomaji wangu alizificha. Inawezekana ni sababu nzuri. Mimi ningekuwa na alama zangu na karo, ningepanda ngazi hiyo mbio, na sijui kama ningegeuka hata kusema hayo maneno matano. Yeye alau aligeuka.

Sasa tuje kwa hesabu. Fundi anamwaga msingi Jumatatu asubuhi. Anataka kujua vyumba ni viwili au ni kimoja. Vikiwa viwili, kimoja ni karakana yako ukishamaliza chuo, na meza yako, na umeme wako peke yake. Kikiwa kimoja, nitakipanua, nitaweka benchi, na Jumamosi nitawafungulia watu waje watazame, wakulima na wachungaji, mchana mmoja. Ukija likizo utakaa benchi la mbele bure. Nitafurahi na chumba chochote. Nitakachoshindwa nacho ni kumwaga msingi wa tutaona. Nimeshaweka sahani ya mtu mara moja. Sitaki kujenga ukuta wa mtu.

Sehemu ya kumi na tatu inatoka Jumamosi hii. Humo ndimo ulimo ule mwisho wa kanda ya tisa, iliyotoka mlangoni kwangu ikielea. Barisa atakuja baada ya alasiri na kreti lake. Hatutakuwa na wa kutusomea, kwa hiyo nataka utupigie, uiwashe huko simuni kwako, utusomee yaliyoandikwa, kama yalivyoandikwa. Jilo akifa, amekufa. Mama akikaa peke yake kwenye mawe, tutakaa naye.

Lakini kabla hatujaiwasha nataka langu kwanza. Utarudi Garsen ukimaliza, au hutarudi? Neno moja, kwa ujumbe, usiweke mvua wala chakula. Simu yangu itakuwa imejaa chaji, na mimi pia nimejaa, usiogope. Nijibu kabla ya saa kumi na nusu alasiri Jumamosi. Saa kumi na nusu nabonyeza kitufe.

Mama yako,
Mariamu